Gwanda la Jemadari na Buti za Karatasi

Sanduku la bati lilifunguliwa Jumamosi saa mbili na robo asubuhi, na ndani hamkuwa na kitu ila vidonge vinne vya kufukuzia nondo na karatasi ya kaki iliyokunjwa vizuri na mtu asiye na haraka.

Mama Sindano alibaki amepiga magoti, mfuniko mkononi. Kila mwaka, siku hiyo hiyo, kwa miaka kumi na sita tangu Jemadari afariki, alikuja kwenye nyumba hii na burashi yake ya nguo. Alilitoa gwanda, akalitundika dirishani upande wa kivuli, akalikagua mshono kwa mshono, kisha akalirudisha. Alilishona mwenyewe enzi za vita, alipokuwa fundi wa nguo za jeshi, na alilijua kama mama anavyojua mwili wa mtoto aliyemwogesha: mifuko minne, kola iliyoungwa mara mbili, vifungo vitano. Vinne kati ya hivyo vilikuwa vya shaba. Cha tatu kutoka juu kilikuwa cheusi, cha matundu manne, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kifungo hicho kilikuwa na kisa chake. Siku ya maziko, mjane alikata kile cha shaba akakiweka kwenye kiganja cha marehemu. Mama Sindano hakuvumilia kuona gwanda limeachama. Alasiri ile ile aling'oa kifungo kwenye gauni lake la kazini akakishona pale kwa uzi uliokuwa tayari kwenye sindano, maana machozi hayakumruhusu kutafuta mwingine. Kisa hicho walikijua wao wawili tu.

"Fundi, mbona kimya?" aliuliza mjane kutoka kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa yamefifia; aliona mwanga na vivuli, basi. "Limeliwa na nondo?"

"Nondo angeacha vifungo, dada. Hapa hamna kitu."

Mlangoni palisikika fimbo ikigonga sakafu. Kapteni aliingia, kitambi mbele, yeye nyuma. Alikuwa msaidizi wa Jemadari vitani, mbeba mkoba wake, na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Kila Alhamisi alikuja kumsomea mjane gazeti. Kila maadhimisho alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi buti za jeshi zilivyomlia vidole viwili vya mguu wa kushoto, kidole gumba na jirani yake, na kila mara alilia mahali pale pale.

"Sanduku lina kufuli," alisema baada ya kuelezwa. "Ufunguo uko nyuma ya mlango wa chumbani. Nani anaingia chumbani kila siku? Tuanze na chumba cha msichana."

Msichana mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtumishi wa nyumba hii kwa miaka tisa. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa, ama anaimba ama anasema. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Sindano, na ni Mama Sindano aliyemleta hapa kwa mkono wake.

Kapteni aliinama kwa shida akaingiza fimbo chini ya kitanda cha Chiriku. Ikatoka na gwanda.

Ikawa saa tatu kasorobo. Chiriku alisimama na mwiko mkononi.

"Alitaka kuliuza kwa wakusanyaji wa vitu vya kale," alisema Kapteni. "Naita polisi."

Mama Sindano alilinyanyua gwanda. Vidole vyake vilipita ubavuni, kama vilivyozoea, vikasimama. Palikuwa na kitu kigumu, kinachoteleza. Akalisogeza puani: kolani palinuka poda.

"Usiliguse!" Kapteni alilinyakua. "Huo ni ushahidi, Mama Sindano. Litakwenda polisi kama lilivyo, na lisiguswe tena na mkono wa mtu."

Mama Sindano alimtazama. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kumwambia asiliguse gwanda lile.

*

Kituoni, saa tano, Mkaguzi alikuwa akinywa chai huku akiandika, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na uchovu wa watatu usoni.

"Jumatatu saa tatu anapelekwa mahakamani," alisema. "Kitu kimekutwa chini ya kitanda chake. Unataka niseme kilitembea?"

"Nataka kuzungumza naye."

"Dakika kumi."

Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Mama mkubwa, mimi hata kulifua sijawahi kulifua! Naogopa hata kulipangusa vumbi sanduku lile. Nikiiba, niibe nguo ya marehemu? Si ingenikaba shingo?"

"Punguza sauti. Nani aliingia ndani wiki hii?"

"Nani anaingia kwa bibi? Wewe, mimi, Kapteni na gazeti lake. Alhamisi mimi huwa sokoni, bibi husinzia kabla hata habari za michezo hazijafika."

"Na chini ya kitanda chako ulifagia lini?"

Chiriku akaona haya. "Jumatano, mama mkubwa. Ijumaa nilikuwa na uvivu."

"Uvivu wako huo umekuponza," alisema Mama Sindano, "na ufagio wa Jumatano pengine ndio utakaokuokoa."

Alitoka akipiga hesabu. Jumatano chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Jumamosi pakawa nacho. Katikati yake kuna Alhamisi. Lakini kusoma gazeti si kosa, na mtu aliyelia kwa miaka kumi na sita huwezi kumwita mwizi kwa sababu tu ana fimbo ndefu.

*

Alipofika kwenye mzunguko wa barabara, saa sita na nusu, jua la utosi, ndipo alipoliona bango.

Lilisimamishwa jana yake, refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Jemadari alikuwa amepiga goti moja, uso ule ule wa kwenye picha za magazeti, gwandani, akifunga kamba za buti mpya nyeusi. Chini yake maandishi: BUTI ZA JEMADARI. TEMBEA KAMA SHUJAA. Na kwenye kona, kwa herufi ndogo: Sasa na viatu vya shule, Jemadari Mdogo.

Mama Sindano alilisoma jina la kiwanda mara mbili. Damu ikampanda kichwani hata akashika nguzo ya taa.

Kiwanda kile kile. Ndicho kilicholiletea jeshi buti za soli ya karatasi iliyoshindiliwa, ikapakwa rangi nyeusi ionekane mpira. Mvua ya kwanza soli zikafumuka kama mkate kwenye chai. Vijana wakatembea siku kumi na moja kwenye tope na miguu iliyofungwa matambara, na wengine miguu yao ilikatwa na msumeno ule ule uliokatia kuni. Jemadari aliporudi alibeba gunia la buti hizo akazimwaga mezani mbele ya wakubwa, tope na vyote, akasema: "Nisije nikaliona jina la kiwanda hiki kwenye mguu wa mtoto wa mtu." Maneno hayo Mama Sindano aliyasikia kwa masikio yake, maana alikuwa amekuja kumpima suruali.

Na leo wamempigisha goti awafungie kamba!

"Washenzi," alisema kwa sauti. Mpita njia mmoja akageuka, akadhani katukanwa yeye, akaongeza mwendo.

Hasira haikumzuia kutazama. Hata mtu aliyekasirika, kama ni fundi, hutazama nguo kwanza. Bango lilikuwa limeikuza picha hata kila kifungo kikawa kama sinia. Akahesabu kutoka juu. Cha kwanza shaba. Cha pili shaba. Cha tatu cheusi, matundu manne, na uzi mwekundu umepita msalaba.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa. Cheusi.

Kisha akashuka na macho hadi kwenye buti. Ya kulia ilikunjika sawa, penye vifundo vya vidole, kama kiatu chochote cha mtu aliyepiga goti. Ya kushoto ilikuwa na kitu kilichomkera macho bila kujua ni nini, kama mshono uliopinda. Hakukielewa. Akaenda zake nacho kichwani.

*

Mpiga picha alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vioo, mtaa wa pili kutoka kiwandani, na jina lake lilikuwa kwenye kona ya bango. Saa tisa alasiri Mama Sindano aliingia bila hodi.

"Wewe ndiye mwizi!"

"Mama, shikamoo kwanza, halafu unitukane," alisema mpiga picha, kijana wa miaka arobaini mwenye kipara kinachong'aa. "Nimeiba nini?"

"Gwanda la Jemadari. Limenuka poda, na poda unayo hapo mezani."

"Poda nimempaka mtu, gwanda alikuja nalo mwenyewe. Mimi napewa kazi na kiwanda: mtu atakuja Jumatano saa kumi, mpige picha akifunga kiatu, halafu mtoe kichwa umwekee kichwa cha Jemadari. Kichwa nilikitoa kwenye gazeti la zamani. Hiyo ndiyo kazi yangu, kubadilisha vichwa. Wiki iliyopita nilimwekea bwana harusi nywele."

"Jumatano ipi?"

Akafungua daftari. Wiki tatu zilizopita.

"Na mtu mwenyewe?"

"Kofia mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua. Mnene. Gwanda lilimbana, siku ya kwanza halikufunga kabisa, tukaahirisha. Akarudi baada ya siku mbili limepanuliwa. Mkali! Nikamwambia, mzee, vua soksi hizo zimechakaa, nimeleta mpya. Akakataa katakata. Akaninyang'anya buti akaenda kuvaa nyuma ya pazia, kama bibi harusi."

"Hakutaka uone miguu yake."

"Nilidhani inanuka."

Mama Sindano alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Kile kilichomkera kwenye buti ya kushoto kikamrudia, na safari hii kikakaa sawa kama kifungo kwenye tundu lake.

"Kesho saa nne," alisema, "utakuja kwenye mzunguko na daftari lako."

"Kesho wanazindua bango, nimealikwa. Lakini mama, mimi sitaki kesi."

"Kesi unayo tayari. Chagua tu unakaa upande gani."

Jioni alikwenda kwa mjane. Kapteni alimfungulia mlango nusu. "Mama amepumzika. Ameumia sana kwa ajili ya mtoto wenu." Mlango ukafungwa.

*

Jumapili saa mbili asubuhi alikuwa mezani kwa Mkaguzi.

"Mama, mimi natafuta mwizi, sitafuti vifungo."

"Toa gwanda ndani ya gunia lako. Ukikuta nasema uongo, nifunge pamoja na Chiriku, utuokolee nauli ya kuja kumwona."

Mkaguzi alilitoa. Alikigusa kifungo cheusi, akageuza ubavu, akamulika mshono. Kisha akarudisha kalamu mfukoni.

"Baba yangu alirudi na mguu mmoja," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nambebea kiatu kisicho na kazi. Twende."

Kwenye mzunguko palikuwa na hema, viti na kipaza sauti. Kwenye meza ndefu buti zilipangwa kwa ukubwa, mwisho kabisa vijozi vya watoto wa darasa la kwanza. Meneja wa kiwanda alivaa suti ya kijivu na tabasamu la kukodi. Kwenye kiti cha mbele alikaa mjane, ameshika mkoba mapajani, uso umeelekea kule alikoambiwa kuna picha ya mumewe. Kapteni alikuwa ameshika kipaza sauti, na ndiyo kwanza machozi yalikuwa yanaanza.

"Zima chombo hicho," alisema Mkaguzi.

"Afande, hii ni shughuli ya heshima," alisema Meneja.

"Dada," Mama Sindano aliita, "umeambiwa hapa kuna nini?"

"Bango la kumbukumbu," mjane alijibu. "Kapteni amenieleza. Serikali imemkumbuka."

"Ngoja nikusomee." Na Mama Sindano akasoma, neno kwa neno, jina la kiwanda mwisho, polepole.

Mkono wa mjane uliushika mkoba mpaka ngozi ikalia.

"Kuna barua!" Meneja aliharakisha kutoa karatasi. "Jemadari aliridhia mwenyewe, miezi miwili kabla ya kufariki. Picha ilipigwa wakati huo huo. Tazameni sahihi."

"Picha ilipigwa akiwa hai?"

"Ndiyo, mama."

"Hesabu vifungo. Sauti, watu wasikie."

Meneja alitazama juu, akacheka kidogo. "Shaba, shaba, cheusi..."

"Cheusi. Hicho ni cha gauni langu. Nilikishona siku ya maziko yake. Cha shaba amelala nacho kaburini. Sema, dada."

"Nilikikata mimi," alisema mjane. "Nikamfumba kiganja."

Mkaguzi alilinyanyua gwanda juu, watu wakalinganisha la mkononi na la bangoni. Minong'ono ikapita hemani. Tabasamu la Meneja likarudishwa lilikokodiwa.

"Basi ni yule msichana," Kapteni alidakia. "Aliwakodisha! Si nilisema?"

"Jana ulisema aliliiba auze kwa wakusanyaji," Mkaguzi alisema. "Leo alikodisha?"

"Na nani alilivaa?" Mama Sindano aliuliza. "Jemadari alikuwa mwembamba. Nilimwachia akiba ya inchi moja kila ubavu, nikimwambia vita vikiisha utanenepa. Hakunenepa. Akiba hiyo imefumuliwa, mishono imeshonwa upya kwa uzi wa nailoni. Mimi gwanda hili sikuligusa ila kwa uzi wa pamba. Chiriku ni mwembamba kama uzi wenyewe, apanue nguo ya nini? Ndiyo maana uliniambia nisiliguse, Kapteni. Ungelirudisha sandukuni, ningelijua jana ile ile. Ilibidi lifungiwe gunia la polisi."

"Wanene ni wengi mjini!"

"Wengi. Sasa tazama buti."

Watu wote wakainua vichwa.

"Mtu akipiga goti, kiatu hukunjwa na vidole. Cha kulia kimekunjwa sawa. Cha kushoto, ncha imebonyea upande wa ndani kama soksi tupu, na mkunjo umekwenda mshazari. Ndani hamna kidole gumba, wala jirani yake. Kijana, alikuwa tayari kuvua soksi?"

"Alijifungia nyuma ya pazia," mpiga picha alisema kwa sauti ndogo, daftari kifuani. "Na sauti yake ni hii hii niliyokuwa naisikia kwenye kipaza."

Mkaguzi alimnyang'anya Meneja barua akaigeuza. "Na shahidi aliyeweka sahihi hapa chini ni msaidizi wa marehemu. Vua kiatu, Kapteni, au niseme wakuvue?"

Kapteni hakuvua. Alikaa. Machozi yalikwisha ghafla, kama bomba lililofungwa, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwingine.

"Nyinyi mnajua nini?" alisema. "Barabara ina jina lake. Uwanja una jina lake. Watoto wanaitwa jina lake. Mimi nilimbebea mkoba, nikampa maji yangu, nikaacha vidole vyangu kwenye tope lile lile. Nimepewa nini? Fimbo! Na kila mwaka mnaniita nilie, mkimaliza mnaniuliza nina nauli. Jina lake limelala bure. Nikaona bora limlishe aliyelibeba."

"Ungeuza la kwako," alisema Mama Sindano.

"Nani angelinunua?"

Kwa kitambo kidogo hata Mama Sindano aliona uchungu ule ulikuwa wa kweli. Kisha akaviona tena vijozi vya darasa la kwanza mwisho wa meza.

"Uchungu wako ningeuelewa," alisema, "kama ungeuuza kwa mtu mwingine. Kwa kiwanda kilichokula vidole vyako! Na ili usionekane, ukamtupa mtoto wa watu jela, yule anayekupikia chai kila Alhamisi kabla hajakwenda sokoni. Unakunywa, unamshukuru, halafu unaingiza fimbo chini ya kitanda chake."

Mjane alikuwa amesimama. Alipapasa ukingo wa meza mpaka akafika kwenye vijozi, akachukua kiatu kimoja, kidogo kama kiganja. Akakikunja soli. Akaingiza ukucha kwenye ukingo wake, akaukwangua, akaunusa.

"Karatasi," alisema. Akakiweka mkononi mwa Meneja, taratibu kabisa. "Mvae mwanao. Mvua ikinyesha uniite nisikilize anavyotembea."

*

Chiriku alitoka Jumapili hiyo hiyo saa saba, akaanza kusema akiwa bado kwenye ngazi za kituo. Kapteni na Meneja walishtakiwa kwa barua ya kughushi, na Kapteni kwa wizi juu yake. Bango lilishushwa Jumatatu.

Jumanne, Mkaguzi alipokwisha kulipiga picha za ushahidi, Mama Sindano alilirudisha gwanda kwenye kipimo chake. Aliung'oa uzi wote wa nailoni, kipande kwa kipande, akauchoma.

"Na kifungo, nikitafutie cha shaba?" aliuliza.

"Thubutu," mjane alisema. "Hicho ndicho kilichosema."

Ijumaa alipita kwenye mzunguko. Nguzo za bango hazikukaa tupu hata wiki. Kiwanda kile kile, buti zile zile, maandishi mapya. Safari hii walikuwa wameweka jemadari mwingine, wa nchi ya mbali, aliyekufa zamani sana, farasini, upanga juu, buti zinang'aa. Huyo hakuwa na mjane wa kumsomea maandishi.

Mama Sindano alisimama, mfuko wa nyuzi begani, watu wakimpita kulia na kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa. Kisha akainua kichwa, akaanza kuhesabu vifungo.